Adabu za Kuagiza Chakula Ukiwa Kwenye Gari

Kwenye mgahawa unaouza chakula kwa mtu asiyeshuka garini, kabla hujafungua mdomo mbele ya ubao wa menyu, mhudumu ameshaanza kukusikia. Chini ya sakafu ya njia ya magari, pale gari linaposimama, kumefukiwa waya uliozungushwa ambao huhisi chuma cha gari. Gari likifika juu yake, mlio hulia kwenye hedifoni za wahudumu walio ndani na maikrofoni ya ubaoni hufunguka. Kuanzia hapo redio yako, kelele za watoto kiti cha nyuma, simu unayoongea na lawama unazomnong'oneza mwenzako kwamba "hawa watu wanachelewesha" vinaingia masikioni mwa yule yule anayejiandaa kukuhudumia. Wakati huohuo saa imeanza kuhesabu. Sekunde zako zinaonekana kwenye skrini ndani ya mgahawa, na meneja anazitazama zamu nzima.

Karibu kila adabu ya kuagiza ukiwa garini inatokana na mambo hayo mawili, sikio lililo wazi na saa inayokimbia. Ongeza la tatu: mhudumu unayemsikia mara nyingi ana kazi kadhaa kwa mpigo. Anaandika oda yako kwenye mashine huku mkono mmoja ukipokea pesa ya gari lililotangulia, na pengine ndiye anayejaza soda. Akikuambia "subiri kidogo tafadhali" hajakupuuza. Kuna mteja mwingine uso kwa uso naye ambaye wewe humwoni.

Huduma hii, ambayo wengi wanaiita draivu-thruu, ilizaliwa Marekani na huko ndiko ilikokomaa. Red's Giant Hamburg, mgahawa wa kando ya barabara ya Route 66 mjini Springfield, Missouri, ulikuwa ukiuza baga dirishani mwaka 1947. Mwaka uliofuata In-N-Out Burger ilifunguliwa Baldwin Park, California, ikiwa na kipaza sauti ambacho mteja na mhudumu waliweza kuongea kwa zamu. McDonald's ilichelewa: dirisha lake la kwanza la magari lilifunguliwa 1975 huko Sierra Vista, Arizona, jirani na kambi ya Fort Huachuca, kwa ajili ya wanajeshi waliokatazwa kushuka garini nje ya kambi wakiwa na sare zao za kazi. Leo sehemu kubwa ya mauzo ya kampuni hiyo nchini Marekani hupitia dirishani. Nairobi nako kuna matawi ya KFC, iliyoingia Kenya 2011, yenye njia ya magari. Kwa dereva tofauti ni moja: Marekani usukani uko kushoto, kwa hiyo unalizunguka jengo likiwa kushoto kwako, na Kenya likiwa kulia. Kama gari lako lina usukani upande usiotazama dirisha na huna abiria wa kukaa upande huo, egesha uingie ndani. Kujinyoosha juu ya kiti cha pili hadi umwage soda hakumsaidii mtu.

Amua kabla ya kuingia kwenye foleni

Njia nyingi zina ukingo wa saruji pande zote mbili. Ukishaingia, wewe na waliokufuata hamna pa kutokea hadi mpite dirishani. Ndiyo maana pa kuamua ni nje, gari likiwa limeegeshwa, menyu ikiwa mkononi kwenye simu. Waulize walio garini mmoja mmoja wanataka nini, wa kubadilisha abadilishe hapohapo, kisha iandike kama oda inazidi vitu vinne. Mbele ya ubao aongee mtu mmoja tu, na huyo awe dereva, kwa sababu maikrofoni imewekwa usawa wa dirisha lake. Mtoto anayepiga kelele kutoka nyuma kwamba anataka aiskrimu husikika kama mlio tu, na mhudumu analazimika kukuuliza tena oda nzima.

Idadi ya chakula nayo ina mipaka, hata kama hakuna aliyeiandika ukutani. Watu wanne au watano, sawa. Ukiagizia ofisi nzima, timu ya mpira au wageni wa msiba, ingia ndani, piga simu mapema au tumia programu ya mgahawa. Sababu iko jikoni. Baga hukusanywa kwa dakika moja au mbili na chipsi hukaangwa kwa dakika tatu hivi, lakini kuku wa mifupa huchukua zaidi ya dakika 10. Ukitaka vipande 30 saa ya chakula cha mchana, umemaliza kuku wote waliokuwa tayari na umewasimamisha watu wote walio nyuma yako wakisubiri kundi jipya liive, hata yule anayetaka kikombe cha chai.

Zijue na saa za mgahawa. Marekani, migahawa mingi inayouza kifungua kinywa hubadilisha menyu saa nne na nusu asubuhi au saa tano. Ukifika dakika mbili baada ya hapo ukaambiwa mayai yameisha, usibishane. Bamba la kukaangia mayai huwekwa joto la chini kuliko la nyama ya baga, na likishapandishwa halirudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Hali ni hiyohiyo dakika za mwisho kabla ya kufunga, wakati vifaa vimeanza kuoshwa: uliza kwanza kilichopo ni nini, kisha chagua ndani ya hicho.

Pesa pia ipange mapema. Wengi Marekani hawapokei noti inayozidi dola 20 dirishani, na tangazo lake huwa limebandikwa kwenye kioo cha mgahawa, pale ambapo kugeuka hakuwezekani tena. Kama una noti kubwa peke yake, iseme ukiwa bado ubaoni.

Ukiwa na gari refu au lenye mzigo juu, isome namba ya kimo cha mwisho kinachopita, iliyo kwenye nguzo ya mlalo pale mlangoni mwa njia. Na usiingie kwa miguu. Karibu mikahawa yote inakataa mtu anayetembea kwenye njia hiyo, kwa kuwa dereva anayesoma menyu haangalii watembea kwa miguu, na waya uliofukiwa haumhisi mtu. Mhudumu anayekukatalia anafuata sharti la usalama, hana chuki nawe.

Mbele ya ubao

Sogea taratibu hadi kioo chako kiwe sambamba na kipaza sauti, ukiacha nafasi kama ya mkono mmoja kati ya gari na ukingo. Ukisimama nyuma sana, waya hautakuhisi na utabaki ukisema "haloo, haloo" na hakuna anayekusikia. Sogea mbele nusu mita tu. Ukipita sana, sauti yako inatokea nyuma ya gari, pamoja na mngurumo wa bomba la moshi.

Teremsha kioo chote. Zima redio, punguza feni ya kiyoyozi, kata simu. Kama gari ni la dizeli linalonguruma, lizime kabisa kwa ile nusu dakika ya kuagiza. Mhudumu atakushukuru moyoni, maana ngurumo hiyo inaingia sikioni mwake bila kupungua. Usipaaze sauti. Hedifoni inakuza kila kitu, na kelele ya mtu aliyeinamia maikrofoni huumiza na bado haieleweki. Ongea kama unavyoongea na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza.

Subiri ukaribishwe. Ukikaribishwa, itikia salamu kabla ya kutaja chakula. Hapa Waswahili tuna mtaji wetu, tusiuache nyumbani. Nairobi utasema "habari dada, nisaidie na..." na Mtanzania ataanza na "naomba". Kwa Kiingereza cha Marekani salamu fupi na ombi lenye "please" vinatosha. Maulizo ya hali ya familia na kazi, ambayo kwetu ni heshima, pale yanakula sekunde zake. Kama hujawa tayari, sema hivyo kwa sentensi moja, "nipe dakika moja tafadhali", kisha ukishaamua mwite. Kunyamaza kimya ndiko kunakomchanganya, kwa sababu hajui kama kifaa kimekata au bado unasoma.

Sasa oda yenyewe. Kuna mambo ya kutanguliza, kwa kuwa mashine inayataka mwanzoni. La kwanza ni kama uliagiza kwa programu: taja namba yako ya oda na usiongeze neno hadi waipate. La pili ni kuponi au punguzo. La tatu ni kama mnalipa mbalimbali: "tuna oda mbili, kila moja na malipo yake." Hili la tatu likisemwa dirishani, mhudumu analazimika kuifungua oda iliyokwisha tumwa jikoni na kuigawa upya huku gari la nyuma likimwongelesha sikioni. La nne ni mzio wa chakula, ambao hausemwi kwa kupitia tu: "mtoto ana mzio wa karanga" au "wa ufuta". Ufuta uko juu ya mikate mingi ya baga, na wapo wanaokaangia mafuta ya karanga, Chick-fil-A wakiwa mmojawapo. Kama mzio ni wa kuhatarisha maisha, soma orodha ya viambato kwenye tovuti ya mgahawa kabla hujaondoka nyumbani. Mtu wa dirishani hawezi kukuhakikishia kwa niaba ya kikaango kinachotumiwa kwa kila kitu.

Baada ya hayo, taja mlo mmoja na umalize kila kinachouhusu kabla ya kwenda wa pili. Mashine ya oda imepangwa hivyo: kitu, ukubwa, kinywaji, mabadiliko. Ukitaja baga tatu kwanza, kisha soda tatu, kisha ukarudi kusema "ile ya kwanza isiwe na kitunguu", mhudumu anarudi nyuma kwenye skrini akitafuta ya kwanza ni ipi. Nairobi, mazungumzo yaliyonyooka huwa hivi (kombo ni chakula kinachouzwa pamoja na chipsi na kinywaji):

"Karibu sana, nikusaidie na nini leo?"

"Habari dada. Nina milo miwili. Wa kwanza, baga ya kuku, kombo, saizi ya kati, na Fanta bila barafu. Baga isiwe na mayonezi."

"Sawa. Na wa pili?"

"Wa pili, vipande viwili vya kuku na chipsi ndogo. Kinywaji ni maji. Na unisaidie na kechapu nne. Ni hayo tu."

Zingatia "wa kwanza", "wa pili" na "ni hayo tu". Maneno hayo madogo yanamwambia mhudumu lini afunge mlo na lini atoe jumla. Pumzika kidogo baada ya kila mlo hadi usikie "sawa". Kimya hicho ni vidole vyake vinavyotafuta vitufe.

Kwa aliyefika Marekani karibuni akitokea Goma, Bujumbura au Mombasa, kuna mtego mmoja wa kuepuka: ukiomba "chips" utapewa viazi vikavu vya pakiti, au utaambiwa havipo. Viazi vya kukaanga vya moto huko ni "fries". Lafudhi yako haina ubaya wowote, na hupaswi kuiomba radhi. Kinachosaidia ni kutaja namba ya kombo pamoja na jina la chakula, mathalani "namba tatu, baga ya samaki". Sikio likikosa kimoja, linashika kingine. Mhudumu akikuomba urudie, rudia kwa utulivu, polepole zaidi, bila kupaza sauti, na ukumbuke kwamba pengine Kiingereza si lugha yake ya kwanza yeye pia.

Kama huli nyama ya nguruwe, sema "no bacon" papo hapo unapotaja sandwichi husika, hata kama picha haionyeshi kitu. Lakini usimtwishe mhudumu swali la kama nyama ni halali wakati magari sita yanasubiri. Mara nyingi hana jibu la kweli, na jibu la kubahatisha halikufai. Ofisi ya kampuni ndiyo inayojua.

Mabadiliko mawili kwa kila mlo ni ya kawaida. Yakifika matano, tumia programu, ambako unabonyeza mwenyewe na jikoni wanayasoma yameandikwa, hayapiti kwenye sikio la mtu. Sosi, mrija, tishu na vijiko viombwe hapa ubaoni, tena kwa idadi. "Sosi nyingi" haina maana jikoni. "Barbikyuu mbili na pilipili moja" inayo. Wanaosubiri hadi dirishani ndipo waanze kuomba kimoja kimoja ndio wanaomfanya mhudumu aende na kurudi mara nne.

Unataka chipsi zilizotoka kukaangwa? Omba hivyo waziwazi na useme uko tayari kusubiri. Kuna ujanja unaosambaa wa kuagiza chipsi bila chumvi ili wakaange mpya, kisha mtu akaomba vipakiti vya chumvi dirishani. Hauna uungwana hata kidogo. Mkaangaji analazimika kuweka kando zilizo tayari, kusafisha sehemu ya chumvi na kuandaa kikapu cha mtu mmoja, na kazi hiyo ilikuwa ya mgonjwa aliyekatazwa chumvi na daktari.

Mwisho soma skrini, kama ipo. Oda yako imeandikwa pale, na hapo ndipo pa bei nafuu kabisa pa kurekebisha kosa, kwa sababu hakuna kilichopikwa bado. Bila skrini, omba usomewe. Kisha sema "asante" na uondoke. Jumla ukiisikia vibaya, utaambiwa tena dirishani.

Huenda anayekujibu akawa mashine. Wendy's, kampuni nyingine ya baga, walianza kujaribu mfumo wao wa sauti eneo la Columbus, Ohio, mwaka 2023, na McDonald's walisitisha majaribio yao waliyofanya na kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 2024. Ukikutana nayo, ongea kwa utaratibu uleule, kitu kimoja kimoja. Ikikosea mara mbili, omba kuzungumza na mtu. Mara nyingi bado kuna binadamu mwenye hedifoni anayesikiliza, kwa hiyo matusi unayoirushia mashine yanamfikia yeye.

Kati ya ubao na dirisha

Penye mbao mbili za menyu zilizo sambamba, magari huungana kuwa foleni moja, na kanuni ni kwamba aliyemaliza kuagiza kwanza ndiye anayetangulia. Mara nyingi hilo huja kwa zamu, moja kutoka kulia, moja kutoka kushoto, ila si lazima. Kuchomekea hapa kuna hasara kuliko barabarani: oda zimepangwa jikoni kwa mfuatano, na ingawa baadhi ya migahawa hupiga picha kila gari ili kulioanisha na oda, mfuatano ukivurugika unapewa mfuko wa mwenzako na yeye analipia wako. Ukiona mmevurugana, dirishani anza kwa kutaja ulichoagiza.

Usipige honi. Gari la mbele limesimama kwa sababu chakula chake hakijatoka, na dereva hana la kufanya. Usiku, punguza taa zisimmulike aliye mbele. Tumia muda huu kutoa kadi au kuhesabu noti, zima sigara, na mshike mbwa kama yumo. Mbwa hurukia mkono wenye nyama, hata wa mgeni.

Dirishani

Karibia ukuta polepole, uache takriban sentimita 30 hadi 50. Ukisimama mbali, mhudumu ananing'inia nusu mwili nje akiwa ameshika trei ya vinywaji, na huko kaskazini mwa Marekani, miezi ya baridi, anafanya hivyo kwenye upepo wa barafu. Ukishakosea, weka gia ya kuegesha, fungua mlango taratibu upokee. Usirudi nyuma, aliye nyuma amekubana.

Kuna migahawa yenye madirisha mawili, la kwanza la pesa na la pili la chakula. Usipitilize la kwanza kwa sababu tu halina foleni. Noti ziwe zimenyooka, sarafu juu yake, zote kwa mkono mmoja. Usizirushe. Ukilipa kwa simu, ifungue kabla ya kufika. Kenya, kwa M-Pesa, subiri utajiwe jumla, ingiza namba ya till, yaani namba ya malipo ya biashara, na kiasi, hakikisha jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo, kisha usubiri ujumbe uingie kwake na kwako. Ujumbe ukichelewa, usitume mara ya pili. Muulize mhudumu kama umefika upande wake, na kama haujafika mwombe sehemu ya kusimama pembeni mambo yakae sawa, ili wengine wapite.

Hapa si pa kuagiza upya. Kinywaji kimoja kilichosahaulika unaweza kukiomba kwa upole, na ukiambiwa haiwezekani, ukubali. Mlo mzima wa ziada, zunguka tena. Takataka za garini usimpe. Ameshika chakula cha watu kwa mikono hiyohiyo. Na simu iwe chini. Kumnyooshea mtu kadi huku unaongea na mwingine, bila kumtazama, ni dharau kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine yoyote.

Vinywaji vya moto vinahitaji mikono yako yote. Vipokee kimoja kimoja, ushike mwili wa kikombe na kamwe usishike kifuniko, na ukiweke kwenye kishikio kabla ya kupokea kingine. Sukari na maziwa omba viwekwe ndani ya mgahawa. Mwaka 1992 huko Albuquerque, New Mexico, mwanamke wa miaka 79 alikuwa abiria kwenye gari lililosimama, akaweka kikombe cha kahawa cha McDonald's katikati ya magoti ili afungue kifuniko atie sukari. Kahawa ikammwagikia. Ilikuwa ikiuzwa ikiwa na nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Aliungua vibaya mapajani hadi kuhitaji kupandikizwa ngozi. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa haki yake 1994. Watu wamekuwa wakiisimulia kesi ile kama mzaha, na hilo ni kosa: maji ya joto hilo huchoma nyama ya mtu kwa sekunde chache.

Ukiombwa usogee mbele

"Tafadhali subiri kwenye nafasi namba mbili, tutakuletea." Wengi hukasirika hapa, wakidhani wamewekwa kando. Ukweli ni kwamba chakula chako kinahitaji dakika nyingine tatu au nne, na walio nyuma yako wana vikombe vya soda tu vinavyosubiri kukabidhiwa. Gari lako likitoka dirishani, foleni inatembea na saa yao inasimama. Oda yako haifutwi kwenye skrini ya jikoni.

Shika risiti, egesha pale pale penye namba uliyotajiwa, na teremsha kioo umwonapo mtu akitoka na mfuko. Zikipita dakika 10 bila kuona mtu, ingia ndani na risiti. Usirudi kwenye njia ya magari, na usimzuie mtu wa dirishani kwa kuchungulia ukiwa umesimama nje.

Kikikosewa

Hesabu mifuko na vinywaji ukiwa bado dirishani; hilo huchukua sekunde tano. Kufungua kila baga na kuinua mkate uone kama kuna kitunguu, kafanyie kwenye maegesho. Ila ufanye kweli, kabla ya kuingia barabara kuu. Anayegundua akiwa nyumbani hujikuta akirudi kilomita 10 na hasira zote njiani.

Kimekosekana kitu? Chukua risiti na mfuko, ingia ndani kwenye kaunta. Anza na ulichoagiza, kisha ulichopata: "Samahani dada, niliagiza kombo mbili, kwenye mfuko kuna moja." Usianze na "nyinyi mmezoea". Aliyekukabidhi mfuko huenda hakuupanga, na aliyeupanga hakuandika oda. Sema pia unachotaka, ama kitu kilichokosekana ama pesa yako, kwa sababu mengine ni ya meneja kuamua na yeye hawezi kuyasoma usoni mwako.

Leta chakula kilichokosewa, lakini usishangae kikitupwa mbele ya macho yako. Kikishatoka dirishani hakiruhusiwi kurudi jikoni wala kupewa mteja mwingine. Kwa hiyo usile robo tatu ya baga ndipo ulalamike juu ya kitunguu. Kionje, kiache, kirudishe. Umefika mbali tayari? Namba ya simu ya tawi huwa kwenye risiti. Piga siku hiyohiyo, taja namba ya oda na saa, na wengi watakuandikia jina ili upewe kingine ukipita tena.

Bakshishi na kumlipia wa nyuma

Kwenye migahawa ya baga na kuku ya Marekani bakshishi haitarajiwi dirishani, na baadhi ya kampuni zinamkataza mfanyakazi kuipokea. Ukinyoosha dola akakataa, usimlazimishe. Kamera iko juu yake. Kwenye maduka ya kahawa ni tofauti kidogo: mashine ya kadi inaweza kukuonyesha viwango vya bakshishi, au kuna kopo kando ya dirisha. Kubonyeza "hapana" si utovu wa adabu.

Kumlipia gari lililo nyuma ni desturi iliyoenea huko. Agosti 2014, katika duka moja la Starbucks mjini St. Petersburg, Florida, watu zaidi ya 370 walilipiana kwa mfululizo kabla mnyororo haujakatika. Nia ni njema. Dirishani lakini inavuruga: mhudumu anapokea pesa ya oda isiyo ya aliye mbele yake, anamweleza kila anayefuata kilichotokea, na mwenye juisi moja anajikuta akiombwa alipie familia ya watu sita. Ukitaka kufanya wema huo, muulize kwanza kiasi cha gari la nyuma, lipia hilo tu, na umwombe mhudumu asimuulize anayefuata kama ataendeleza. Au pesa hiyo iweke kwenye kopo la wafanyakazi, pale linaporuhusiwa.

Njia nyingine haikugharimu kitu. Risiti nyingi zina anwani ya kutoa maoni, pamoja na tarehe, saa na namba ya tawi. Kama mhudumu amekuhudumia vizuri, jaza fomu hiyo jioni, taja jina lililokuwa kwenye beji yake na alichokufanyia: alisubiri ukapata kadi, alikusomea oda mara mbili, alikumbuka mzio wa mtoto. Maoni ya aina hii humfikia meneja, yule yule anayetazama zile sekunde kwenye skrini.